Mguu wa Nyuma wa Mhunzi

Nyumbani, nyuma ya karakana,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mwana wa kaka yangu,

Pokea salamu za shangazi yako. Goti lako limepona? Unakula vizuri? Sisi tu wazima kwa rehema za Mungu, ila nimechoka mwanangu, uchovu wa kuamka nao.

Barua yako kuhusu besiboli, huo mchezo wenu wa kupiga mpira kwa gongo, niliisoma mara tatu. Ulisema nguvu ya mpigaji haitoki mikononi: uzito hukaa mguu wa nyuma, ukahamia wa mbele, kiuno kikageuka, mikono ikafuata mwisho kama mkia. Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Tangu mwaka jana nyundo ya mume wangu inaangukia chuma kama mgeni anayebisha hodi kwa aibu. Wateja wakasema mkono umekwisha. Mimi nami miezi mitatu nimeuchua kwa mafuta ya moto, nikimwomba Mungu auponye. Kumbe mkono haukuwa na kosa.

Mwezi uliopita akiwa kazini nilimtazama miguu. Wa kulia hathubutu kuuegemea. Nikamwuliza kwa nini aliniacha nichue kiungo kizima. Akasema, "Mkono ukichoka, watasema fundi kachoka. Mguu ukifa, watasema fundi kaisha."

Tulikwenda kwa daktari. Mguu hautarudi kama zamani.

Nilikasirika, nikalia, nikasali. Kesho yake nikamwekea kigoda mbele ya fuawe, lile pande la chuma analofulia, nikampa koleo ashike chuma, nyundo kubwa nikaichukua mimi. Alikataa katakata, mpaka chuma kikaanza kufifia wekundu. Na mhunzi hawezi kutazama chuma kikipoa bure.

Pigo la kwanza halikuacha hata alama. Akaniuliza kama nafukuza nzi. La pili akaguna, "Mama, mabega yaache. Anzia kisigino."

Nikarudi nyuma kwa uzito wangu wote, nao si haba, nikahamia mbele. Chuma kikabonyea kama unga uliokandwa. Hakunisifu. Alikigeuza upande wa pili, akasema, "Tena."

Mpaka leo tunafua hivyo, yeye kigodani, mimi wima. Mgongo waniuma, lakini tanuri linawaka.

Msalimie baba yako, umwambie dada yake amekuwa mhunzi uzeeni, na asicheke. Mwenyezi Mungu akulindie magoti yako yote mawili.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Shangazi yako.