Dakika Arobaini za Shangazi

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla Ijumaa haijafika, maana nimebeba jambo ambalo siwezi kumwambia mume wangu kwa sababu atanicheka, wala siwezi kumwambia shangazi kwa sababu linamhusu yeye mwenyewe, na kukaa nalo peke yangu siwezi tena. Mimi ni msimamizi wa karakana ya kushona sare, tuko watu kumi na mmoja, na upande wa dirishani tuna mashine mbili za kudarizi zinazotia beji kwenye mifuko ya mashati. Moja anaiendesha shangazi yangu, dada yake baba, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki na ndiye aliyenifundisha kazi hii, na ya pili anaiendesha dada mmoja tunayemwita Chapuchapu kwa jinsi mikono yake isivyotulia.

Sasa mwenye karakana ameamua kwamba mashine moja ya kudarizi inatosha, ile nafasi nyingine anataka kuweka meza ya kukatia vitambaa, kwa hiyo mmoja kati ya hao wawili aondoke na abaki mwenye kasi. Akaniagiza nipime mwenyewe kwa wiki tatu, kwa saa ya ukutani, tangu oda inapowekwa mezani mpaka beji ya mwisho inapokatwa uzi, kisha nimpelekee grafu na si maelezo, kwa sababu maelezo yangu yana huruma nyingi, na hapo hakunisingizia, ananijua. Barua ya kumwondoa mtu ameshaitia saini, nafasi ya jina ameiacha wazi, iko kwenye droo yangu, na mimi ndiye wa kulijaza hilo jina na kumkabidhi mhusika Ijumaa saa nane.

Nikapima kama nilivyoambiwa. Shangazi hupewa oda ndogondogo, za shule za chekechea, za kwaya, za zahanati, kwa kuwa ana subira ya kubadilisha michoro, na Chapuchapu hupewa zile oda kubwa za shule kubwa na kampuni za ulinzi. Beji tano shangazi alizimaliza kwa dakika sitini, beji nane kwa dakika sabini na mbili, beji kumi kwa dakika themanini, na kumi na tano kwa dakika mia moja. Chapuchapu beji arobaini alitumia dakika mia mbili arobaini, beji sitini dakika mia tatu arobaini, beji themanini dakika mia nne arobaini. Nilipogawanya dakika kwa beji niliona kwa shangazi beji moja inakula karibu dakika saba, mara nane, mara tisa, mara kumi na mbili, na kwa Chapuchapu haizidi sita.

Jumamosi mchana nikakaa mezani na karatasi ya miraba na rula ya binti yangu, beji nikazipanga kwenye mstari unaolala na dakika kwenye mstari unaosimama, kama nilivyokumbuka kutoka shuleni, nikatia nukta, na hapo ndipo yakaanza mambo. Nukta za shangazi zilijipanga vizuri kama vifungo vya shati, lakini nilipoweka rula ianzie kwenye kona, penye sifuri, zikakataa, mbili zikabaki juu ya rula na moja chini. Nikaiacha rula ifuate nukta zenyewe, ikateremka mpaka ikaukata mstari wa dakika kwenye arobaini. Mshauri, beji sifuri zinakulaje dakika arobaini? Mtu asiyeshona kitu ametumia muda gani kushona kitu? Ndipo nikakumbuka kwamba kila oda mpya inapoanza, nikitupa jicho dirishani, shangazi huwa amekaa tu na mashine yake, anapuliza vumbi, anavuta uzi, anatoa fremu ya kubania kitambaa anairudisha, na hakuna hata beji moja inayotoka.

Nikasema basi, hizi ndizo dakika anazopoteza, shangazi amechoka na hataki kukubali. Na kinachoniuma ni kwamba huyu ndiye aliyenikalisha kwenye mashine ileile nikiwa na miaka kumi na minne, akanizuia nisikanyage pedali kwa siku nne nzima, akitaka nijifunze kwanza kutega uzi, kubana kitambaa na kulinganisha mchoro, kwa sababu alisema ukirukia kushona utashinda unafumua. Nikafuta ule mstari kwa kifutio. Nikauchora upya kwa kuulazimisha uanzie sifuri, ukapanda mkali kuliko wa Chapuchapu, na nilipoutazama nikalia, binti yangu akadhani nimejikata na wembe wa kuchongea penseli.

Shangazi hana mume wala mtoto wa kumzaa, kila asubuhi hunigongea mlango twende kazini pamoja, na kazi ile ndiyo inayomwamsha. Nimefikiria kuzishusha nukta zake kidogo tu, nani atajua, halafu nikafikiria Chapuchapu naye ana watoto na hajanikosea. Niambie ukweli hata kama ni mchungu: ni dhambi kudanganya kwenye grafu ili kumwokoa mtu aliyekulea, au nijaze jina lake na kumpa barua kwa mkono wangu?

Ni mimi, Msimamizi Mwenye Rula

*

Msimamizi Mwenye Rula,

Gazeti hili linatoka Jumapili, na Ijumaa yako haikuwa na mpango wa kutusubiri, ndiyo maana Jumatano asubuhi nilikupigia simu kwa namba uliyoiandika nyuma ya bahasha. Mengi ya hapa umeshayasikia. Yasome tena taratibu, na wasomaji wengine wasome pamoja nawe, maana najua si wewe peke yako mwenye rula inayoonea watu.

Pole kwa machozi. Nimemaliza kukupa pole, sasa nikugombeze.

Uliniuliza kama ni dhambi kudanganya kwenye grafu. Mama, ulikuwa umeshadanganya, tena kwa kumchongea shangazi yako na si kwa kumwokoa. Nukta zilikuambia mstari unaanzia arobaini, wewe ukachukua kifutio ukauvuta kwa nguvu mpaka kwenye kona kwa sababu uliona ndipo mistari inapotakiwa kuanzia. Nani kakwambia? Mstari huanzia pale nukta zinapoupeleka. Zikikataa rula, iulize rula, usizigombeze nukta.

Sasa nisikilize. Mstari ulionyooka una habari mbili, nawe ulizitia chungu kimoja ukazikoroga. Habari ya kwanza ni mahali unapoukata ule mstari uliosimama: hapo unaambiwa ni muda gani umeshakwenda kabla beji ya kwanza haijatoka. Habari ya pili ni ule mteremko wake, yaani ukali wa kupanda: hapo unaambiwa kila beji inayoongezeka inaongeza dakika ngapi. Ukitaka kujua mkono wa nani ni mwepesi, unatazama ukali wa kupanda. Pale mstari unapoanzia ni habari za mashine.

Nilichukua karatasi nikahesabu nikiwa nakunywa chai, na mimi si mtu wa hesabu. Kutoka beji tano mpaka beji kumi na tano, shangazi ameongeza beji kumi. Dakika zimetoka sitini zikafika mia moja, zimeongezeka arobaini. Arobaini gawanya kwa kumi ni nne. Kila beji ya shangazi inakula dakika nne. Nikaenda kwa Chapuchapu: kutoka beji arobaini mpaka themanini ameongeza beji arobaini, na dakika zimetoka mia mbili arobaini zikafika mia nne arobaini, zimeongezeka mia mbili. Mia mbili gawanya kwa arobaini ni tano.

Shangazi nne, Chapuchapu tano. Nilipokusomea hapo kwenye simu nikakusikia unacheka na kulia kwa pamoja, nami nikaweka kikombe chini nikakusubiri. Nakiri nami machozi yalinilengalenga.

Ukaniuliza, na zile dakika arobaini je? Nikakwambia chora mstari wa Chapuchapu nao, usiulazimishe. Beji zake arobaini kwa dakika tano ni dakika mia mbili, na wewe ulimwandikia mia mbili arobaini. Arobaini zilezile. Naye anapuliza vumbi, naye anavuta uzi, naye anatoa fremu na kuirudisha. Hukumwona kwa sababu yeye huitega mashine, yaani huiandaa kwa oda mpya, mara moja kisha hushona beji themanini, zile dakika zinagawanyika, kila beji inabeba nusu dakika na hakuna anayehisi. Shangazi anatega vilevile halafu unampa beji tano, na kila beji inabeba dakika nane kabla sindano haijagusa kitambaa. Ulimpa kazi za kuanzaanza tangu asubuhi, kisha ukamhesabia kuanza kwake kuwa uzembe.

Chini ya ofisi yangu kuna mashine inayochapa gazeti hili. Kabla nakala ya kwanza haijatoka, mafundi wanahangaika nayo saa nzima, na tukichapa nakala kumi au elfu kumi saa ile iko palepale. Hakuna anayewaita wavivu. Tunajua ndiyo kazi.

Nilikuagiza usiniamini mimi, uamini saa ya ukutani. Alhamisi ubadilishe oda, Chapuchapu apewe nane za zahanati, shangazi apewe arobaini za shule kubwa, na kabla hawajaanza uandike kwenye karatasi unachotarajia: Chapuchapu dakika themanini, shangazi mia mbili. Jioni ulinipigia ukihema. Chapuchapu dakika themanini na mbili, tena akilalamika kwamba hizi oda ndogo zinachosha, na shangazi mia moja tisini na nane, kamaliza akauliza kama kuna nyingine. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mhariri akachungulia.

Na ulitaka kutoka hapo moja kwa moja ukalijaze jina la Chapuchapu. Nikakuzuia, na narudia hapa kwa ajili ya wasomaji: kumtoa mtu kwenye mdomo wa barua si ruhusa ya kumtia mwingine. Karatasi ileile ilikuwa na la kumwambia mwenye karakana. Kama kutega kunakula dakika arobaini kila oda, na oda zenu nyingi ni ndogo, basi mashine moja itashinda inategwa. Mashine mbili, moja inategwa wakati nyingine inashona. Ijumaa ulimwonyesha, akajikuna kidevu, akaweka rula yake mwenyewe kwenye nukta zako mara tatu, kisha akaichukua ile barua akaichana na kuuliza kama meza ya kukatia inaweza kukaa ukumbini. Inaweza. Imeshakaa, umeniambia.

Kwa hiyo kazini mambo yametulia, na nakupongeza kwa dhati, hukukimbia. Kuanzia Jumatatu, oda zenye rangi moja ya nyuzi zifuatane ili kutega kupungue, oda kubwa mgawane kwa zamu, na kila atakayekuletea wastani wa dakika kwa beji bila kusema alishona beji ngapi, mrudishe.

Limebaki moja, na ndilo uliloninong'oneza mwisho wa simu ukitumaini nitakukubalia: kwamba kwa kuwa yameisha salama, shangazi asijue kamwe. Hapana. Kwanza gazeti hili mnalitumia hapo karakanani kufungia sare, na shangazi yako anajua kusoma. Pili, ulimkosea. Kwa wiki tatu ulimtazama dirishani ukamwona mvivu, na jibu la swali lako lilikuwa katikati ya barua yako mwenyewe, kwa mwandiko wako. Rudi ukaisome ile sehemu ya siku nne.

Nenda leo, kabla ya saa sita. Usibebe maelezo, beba ile karatasi ya miraba. Weka kidole pale mstari wake unapoanzia, kwenye arobaini, umwambie, "Shangazi, hapa ndipo uliponizuia nisikanyage pedali, na mimi nikapaita uvivu." Kisha unyamaze umsikilize. Akikugombeza, umestahili. Akikucheka, mshukuru na ucheke naye.

Na kesho asubuhi, oda ya kwanza ikiwekwa mezani, mvutie kiti akae. Utege uzi wewe, dakika zote arobaini, yeye akitazama.