Kitambaa kwenye Mche wa Nyanya Chungu

Mama,

Jana nilikwenda Kabungu kwenye kaburi lako, na nimekuta jambo ambalo sina mwingine wa kumwambia. Tena kuna msamaha ambao sijakuomba mpaka leo.

Bustani yako hapa Ilembo haiko kama ulivyoiacha. Matembele yapo, hayo hayafi hata uyatukane. Mchaichai umefunga njia ya kwenda chooni. Na ule mpapai uliokuwa unausema kila asubuhi kwamba ni dume, ukatwe, umezaa. Mapapai manne, Mama! Nilicheka peke yangu pale nje, halafu nikakaa chini nikalia.

Ila nyanya chungu zako hazipo. Zile ulizoziita intore kama alivyoziita Bibi, aliyetoka nazo Burundi akiwa amefunga mbegu kwenye pindo la nguo yake. Ulizipika na maharage na mawese, ukavunjia samaki mkavu wa mgebuka juu, kisha ukanidondoshea mchuzi kwenye kiganja nionje. Hukuwahi kuniuliza kuhusu chumvi. Ulisema, "Uchungu umekaa?"

Nilizimaliza mimi. Siku ya msiba wako watu walijaa, mboga ikapungua, wanawake wakaniuliza wachume wapi. Nikasema chumeni tu, chumeni zote. Ile miche miwili uliyokuwa umeifunga vitambaa, ambayo hata mimi mwanao ulinikataza kuigusa kwa kuwa ni ya mbegu, niliifungua mwenyewe ili wachume vizuri. Mama mkubwa, dada yako, alipofika kutoka Kabungu akaviona vitambaa chini, akashika kichwa. "Nyie! Mwenyewe hata hajazikwa, mnakula mbegu yake?" Chungu kilikuwa kimeshatokota. Na mimi nilikula, Mama. Uchungu ulikuwa umekaa sawasawa.

Tangu siku ile Mama mkubwa akawa ananipa salamu tu, basi.

Na wewe ndipo ukaanza kuja. Alfajiri, kabla sijawasha jiko, nasikia kopo linagonga mdomo wa ndoo, lile kopo la maziwa ulilolitoboa kwa msumari. Linagonga, kimya kidogo, kisha maji yanadondokea majani. Nikitoka, ndoo ni kavu na kopo liko chini ya mpapai nilipoliacha. Lakini tuta la nyanya chungu, tuta tupu lisilo na jani hata moja, udongo wake umelowa. Najiambia ni umande. Nimejiambia hivyo mara nyingi mpaka nimechoka kujidanganya. Sikukuogopa wewe, Mama. Niliogopa kile unachokitafuta, maana namjua aliyekila.

Nilinunua mbegu za paketi, labda ungetulia. Zikaota vizuri, zikazaa matunda makubwa ya kupendeza. Nilipoyapika nikaonja kwenye kiganja, hayakuwa na uchungu hata wa kusingizia. Nikampa jirani sufuria nzima. Kesho yake kopo likagonga kama kawaida.

Mvua zilipoanza nilikwenda kupalilia kaburi lako. Pembeni, upande wa kichwani, ilikuwa imeota miche miwili, majani mapana yenye vinyweleo. Niliitambua kabla sijainama. Ndipo nikakumbuka kwamba siku ya kukuzika nilijifunga kitenge chako, na kwenye pindo kulikuwa na fundo. Nilidhani ni vidonge vyako vya presha. Wakati wanaimba, vidole vyangu vilikuwa vinalisokota lile fundo, vinalisokota, mpaka likafunguka na kitu kikanimwagikia kama mchanga. Nikakung'uta mikono. Kumbe na wewe ulikuwa unatembea na mbegu pindoni kama Bibi, na hukuniambia.

Mama mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Kilichoota kaburini hakiliwi, mwanangu. King'oe."

Sikuking'oa. Sikuthubutu pia kumbishia. Nilirudi Ilembo na bodaboda nikijua kwamba yeye anakaa hapo jirani na kaburi, na jembe analo. Wiki zote zile nilikuwa nawaza siku nitakayokuta pameparuliwa peupe, mbegu ya Bibi imeishia mikononi mwangu mara ya pili.

Jana nikaenda. Nyanya chungu zimeiva, Mama, nyekundu kabisa. Na kwenye mche mkubwa kumefungwa kitambaa. Mafundo mawili, ncha zimeachwa zining'inie, vilevile ulivyokuwa unafunga wewe. Nikaita, "Mama?" kwa sauti, mchana kweupe, na nikangoja uitike.

Kisha nikakiangalia vizuri. Kilikuwa cha bluu, kimechanwa kwenye kile kitenge cha Mama mkubwa anachovaa kanisani. Nikamfuata kwake. Alikuwa anamenya muhogo, hata kichwa hakuinua.

"Nilisema haziliwi," akaniambia. "Sikusema hazipandwi."

Nikamkumbatia na kisu chake mkononi. Tulilia wote wawili, muhogo ukabaki nusu. Kabla sijaondoka akaniuliza kama bado ninazo zile ndoo zako za kuoteshea miche, nikamwambia ninazo. Atakuja Jumamosi.

Mbegu ziko hapa mbele yangu kwenye sahani, nimezichanganya na majivu kama ulivyonifundisha. Nisamehe kwa zile tulizozila. Nakuahidi hizi zitaota kwenye tuta lako, na mche wa kwanza kuzaa nitaufunga kwa pindo la kitenge chako. Mtu hataugusa hata kama nyumba nzima itajaa wageni, hata siku watakayokuja kunizika mimi. Nitawaambia mapema.

Leo alfajiri kopo limegonga tena. Sikutoka. Nililala nikakusikiliza mpaka ukamaliza, kwa sababu sitaki kukufukuza, na nikianza kazi nadhani sitakusikia tena. Lakini umechoka, Mama. Ndoo nimeijaza, iko mlangoni. Kuanzia kesho nitamwagilia mimi. Pumzika.

Mwanao.