Friza ya Mradi

Jumatatu, 6 Oktoba

Kichinjioni mapema. Baridi ya kukata masikio. Daktari wa mifugo alichelewa na muhuri wake, tukabaki tumesimama pale tukipuliza vidole. Mbuzi wawili na paja la ng'ombe. Mutwiri ametundika kama kawaida. Huyu ananikatia nyama tangu Rukia wangu akiwa darasa la kwanza, simfundishi kitu. Mbuzi na mkia wake, ajulikane ni mbuzi, muhuri ukitazama barabara. Hapa Majengo ya Meru mtu hanunui nyama ambayo hajaiona ikining'inia. Anasimama nje, anatazama, ananyoosha kidole: hapo, kata hapo. Ikiwa bado ina joto la kuchinjwa ndio anafurahi zaidi. Baba aliuza hivyo kwenye dirisha hili hili mpaka akafa.

Biashara si nzuri. Watu wa Laare hawashuki mjini kama zamani, soko la miraa limelala. Wa viazi kutoka Kibirichia wananishikilia siku za soko. Na Mama Kendi wa hoteli, yeye kila asubuhi, mvua jua. Bila Mama Kendi ningeshafunga.

Mchana simu. Ule mradi wa kuinua biashara ndogo umenichagua! Nilidhani mafunzo yale yalikuwa ya kunywa soda tu. Niliomba mashine ya kusaga nyama na mabati ya kukinga mvua pale mbele. Mke wangu Zaituni amepiga kigelegele jikoni. Nimefurahi, sijui lini nimefurahi hivi.

Jumatano, 8 Oktoba

Wameleta friza.

Kubwa, nyeupe, kifuniko cha kioo. Nimeuliza mashine ya kusaga iko wapi. Binti wa mradi, anaitwa Makena, mpole sana, amesema bucha zote zimepewa friza, mfadhili ndiye aliamua. Basi. Kitu cha bure unakataaje? Nimetia sahihi. Friza ikae mahali mteja anaiona. Kibandiko cha mradi kisitolewe. Isiuzwe wala kuhamishwa mpaka miaka miwili iishe, na mtu atakuwa anapita kukagua. Ukikiuka, hata leseni ya bucha inaguswa, maana mwaka huu wao ndio walisimamia tukapata.

Picha zikapigwa. Nilivaa koti. Mutwiri amesema sasa tumekuwa supamaketi. Nilijivuna, kwa nini nidanganye. Nimeiweka dirishani kabisa, chini ya ndoano, kila mpita njia aione.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimetoka msikitini nikakuta paja zima bado limening'inia. Ijumaa! Mutwiri anasema watu wanasimama, wanaitazama friza, wanaendelea na safari. Mama mmoja aliuliza kama nyama ya juu ilitolewa humo chini asubuhi. Nimemwambia Mutwiri watazoea.

Jumanne, 14 Oktoba

Hawajazoea.

Nyama ya friji. Hayo maneno nimeyasikia leo mpaka yananitoka puani. Friza haina kitu. Haijawashwa hata! Nimefungua kifuniko waone wenyewe. Mzee mmoja wa viazi akainama, akaingiza mkono hadi begani, akapapasa pembe zote, kisha akanusa vidole. Alikosa harufu. Nikadhani nimempata. Akanishukuru, akavuka barabara akanunua kwa Adan, bucha ya ng'ambo.

Adan hakuenda mafunzo. Alisema hana wakati wa kukaa kwenye kiti akifundishwa nyama na watu wenye tai. Nilimcheka. Adan ana ndoano zake na kisu chake na watu wamejaa mlangoni.

Nimekasirika mpaka nikamwachia Mutwiri kisu, nisije nikajikata.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimeifunika friza kwa leso ya Zaituni, ile nyekundu. Imekuwa mbaya zaidi. Sasa wanauliza nimeficha nini.

Zaituni anasema niisukume chumba cha nyuma. Nimempigia Makena. Hakupandisha sauti, ningependelea angepandisha. "Mzee, hiyo ni mali ya mradi. Ikiondoka hapo mimi ndiye nitaandika kwamba umevunja mkataba." Nimeuliza kama wanaweza kuja kuichukua, niwape na shukrani juu. Anasema hakuna utaratibu wa kurudisha. Wa kuleta upo.

Jumatano, 22 Oktoba

Mama Kendi hakuja asubuhi. Nilimtundikia mbavu zake kando, kama siku zote. Nikasema labda mgonjwa.

Amekuja saa nne, bila kikapu. Hapo nilijua. Alisimama nje ya dirisha kama mgeni, na huyu mwanamke nilimwachia nyama asubuhi ya mazishi ya mumewe, tumejuana hivyo. Akasema, "Baba Rukia, watu wangu wananiuliza nyama natoa wapi. Nikisema ni kwako, wanaagiza maharagwe."

Nikamwambia anaijua nyama yangu. Akasema anaijua. Anayeijua ni yeye, si wao. Alitaka kulia na mimi sikutaka alie pale mbele ya watu, kwa hivyo nikajifanya nanoa kisu.

Mbavu zimebaki hapo siku nzima. Nimeumia vibaya.

Jumatatu, 27 Oktoba

Embu. Mkutano wa wafanyabiashara wa mradi, wa Meru na wa Embu pamoja. Ukumbi wa hoteli, viti vimevishwa vitambaa vyeupe. Nimekaa karibu na bwana mmoja mwenye bucha huko chini, sehemu kavu ya Wambeere. Naye ana friza. Nikamuuliza anaifanyia nini. Anaweka ndengu, zisiliwe na wadudu. Mkaguzi akija anazimwaga kwenye gunia haraka haraka. Tulicheka mpaka tukatazamwa. Kisha hatukucheka tena. Aliniambia amebaki kuchinja mbuzi siku ya soko peke yake.

Nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno njiani tangu tulipopita Chuka. Nikasema wateja wetu wanataka nyama inayoning'inia, wakiona friza wanakimbia, tafadhali ichukueni au niruhusuni niiweke nyuma. Bwana wa kuongoza akaitikia kwa kichwa vizuri kabisa, akaandika ubaoni: elimu kwa mteja. Akasema watachapisha mabango. Wakanipigia makofi. Kisha tukaitwa chakula.

Makena alinifuata kwenye foleni ya wali. Akaniambia polepole kwamba hata mama yake, kule Nkubu, hali nyama ya friji. Nikamuuliza kwa nini basi asiseme hivyo mbele. Akatazama sahani yake. Ana kazi ya mkataba, mtoto wa watu. Sikuwa na hasira naye. Ningependa kuwa na mtu wa kumkasirikia.

Alhamisi, 30 Oktoba

Jioni imebaki nusu mbuzi. Haijawahi kutokea. Kilichobaki zamani Mutwiri alibeba kidogo, sisi kidogo, majirani kidogo, kimekwisha. Leo ni nusu mbuzi. Siwezi kuitupa. Siwezi kula nusu mbuzi.

Nimeiwasha friza. Imelia kidogo kisha ikatulia. Nimeweka nyama ndani.

Walikuwa wakisema na ilikuwa uongo. Sasa ni kweli.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nyama imetoka ngumu, rangi imekufa. Nimeishika mkononi nikaitazama ndoano. Nimeshindwa kuitundika. Ningemwambia nini mtu akiniuliza? Zaituni ameipika yote, amegawa. Jirani wa ukutani amepokea sufuria, ameshukuru, na baadaye nimeona paka wake anakula.

Jumanne, 4 Novemba

Mutwiri ameenda kwa Adan. Alikuja jana jioni nyumbani, kofia mkononi, akazunguka maneno sana, mvua, mahindi, karo ya mtoto. Nikamkata nikamwambia aende, ana watoto. Akasema Adan hakumwita, yeye ndiye alienda kuomba. Alitaka nijue hivyo. Leo asubuhi amekuja kwangu kwanza, akasugua gogo la kukatia kwa chumvi na maji moto mpaka likawa jeupe, kisha akavuka barabara. Hatukuagana.

Nimeuza matumbo na kichwa. Kwisha.

Jumatano, 12 Novemba

Bango limefika. Familia inacheka mezani, mboga, na maandishi makubwa: NYAMA BARIDI NI NYAMA SALAMA. Wamelibandika juu ya mlango wangu. Nilikuwa chooni. Nilipotoka lilikuwa limeshashika gundi.

Zaituni amelisoma, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba. Mimi nimekaa kwenye kiti cha baba. Sikuwa na la kufanya, kwa hivyo nilikaa.

Ijumaa, 14 Novemba

Sikwenda kichinjioni. Niliamka saa ile ile, nikavaa gambuti, nikakaa kitandani. Zaituni akanivua moja moja.

Amekuwa na wazo lake tangu wiki jana, aliogopa kuniambia. Barafu za ukwaju na za maembe kwenye vikaratasi, na maji baridi. Shule iko karibu. Nimemwambia afanye anavyoona. Nimepanda kwenye ngazi nikatoa ndoano. Moja imekataa kutoka, baba aliigongelea kwenye boriti mwenyewe. Nimeiacha.

Ijumaa, 21 Novemba

Watoto wamejaa dirishani baada ya shule. Zaituni amechangamka, ana ulimi wake ule wa utani, simnyimi. Friza inanguruma mchana kutwa.

Watu wa mradi wamepita kukagua. Wameikuta mahali pake, inafanya kazi, kibandiko safi. Wamefurahi mno. Picha tena. Wameniomba nisimame pale pale niliposimama mara ya kwanza, na nimesimama. Makena ndiye aliyeshika kamera. Hakuniambia nitabasamu.

Jumapili, 23 Novemba

Rukia amekuja kututembelea kutoka Maua, na mtoto. Zaituni akasema hatuwezi kumpa binti yetu mchicha. Akanipa kikapu.

Nimevuka barabara. Sijawahi kununua nyama maishani mwangu, si hapa Majengo. Nimesimama nje ya dirisha la Adan nyuma ya mama mmoja. Zamu yangu ikafika. Mutwiri aliniona akashusha macho, akaanza kupanguza kisu ambacho kilikuwa kisafi. Mbuzi mzuri, mnene, mkia wake upo. Nilinyoosha kidole, na kabla sijajua nasema nini nikamsikia mtu anauliza, "Ni ya leo?"

Nilikuwa mimi.

Mutwiri aliweka kisu chini. Aliigeuza nyama polepole kwenye ndoano mpaka muhuri ukanitazama. Kisha akakata mbavu, zile nzuri za kando, akazifunga.

Tumekula vizuri. Mtoto wa Rukia ameomba barafu, bibi yake akampa mbili.