Mwezi Niliotaja

Eldoret, Ijumaa, Aprili 1953

Lori limeenda. Mwenye duka la magari alikuja kulichukua mwenyewe saa nne, na nikampigia kelele mbele ya majirani kwamba ni mwizi.

Hakukasirika. Alifungua karatasi tu, akaniuliza, "Mzee, si wewe uliandika hii?"

Ni mimi. Siku ya kulinunua kwa mkopo aliuliza napata kiasi gani kwa mwezi, nikaandika pesa za Desemba, wakati tunabeba mahindi usiku na mchana. Nilijua vizuri mvua ikianza barabara ya Kapseret ni matope na mzigo hakuna. Lakini nililitaka lile lori. Nililitaka sana.

Mke wangu aliuliza jambo moja: "Baba Yohana, ulimwambia unapata ngapi?" Nikamwambia aniache. Akaenda kuwapikia chai watu waliokuja kunipa pole.

Wote wanamlaani yule mtu. Wazee wa kanisa wamesema kesho asubuhi watanipitia twende kumshtaki kwa DC, mkuu wa wilaya. Niliwashukuru, hata tukasali pamoja.

Sijui nitawaambia...

Kesho mwenye duka atakuja kwa DC na ile karatasi, na mwandiko ni wangu.