Jacinta Amesema Niende Bila Wapishi Wangu

Shangazi Naswa, shikamoo, mimi ni msomaji wako hapa Manyatta, Kisumu, naomba unisaidie kwa sababu moyo umechoka na sina mtu wa kuambia.

Mimi ni mpishi wa matanga. Tulianza wawili, mimi na rafiki yangu Jacinta, baada ya mazishi ya bwanangu, kwa sababu siku ile wapishi waliokuja hata pole hawakuniambia, waliuliza tu jiko iko wapi, na Jacinta akasema sisi tutapika vingine, na kweli tukapika vingine: tukifika kwa boma tunaweka sufuria chini, tunaingia nyumbani kwanza, tunakaa na aliyefiwa, akilia tunalia na yeye, ndio tunatoka kuwasha moto, na watu wakishakula tunaenda nyuma ya nyumba tunakwangua ukoko wa wali tunakula kwa mfuniko mmoja, tunacheka kidogo tukiangalia watu wasitusikie.

Kazi ikawa nyingi, nikaona tuandike watu. Nikamleta Calvince, amepika kwa hoteli kubwa, na vijana wenzake. Usifikiri nilichukua tu, Shangazi, nilimpima, alipika pilau hapa kwangu majirani wakaonja wakanyamaza kwa utamu, na nikamuuliza kama anapenda watu akasema sana.

Sasa tukaenda matanga Sondu, mjane wa boma akakuja pale motoni akachukua mwiko, ati akoroge uji wa wajukuu, na Calvince akamwambia, "Mama, hebu toka, hapa ni kazini." Jacinta akaniangalia. Mimi nikanyamaza, chakula kilikuwa kimechelewa na mchungaji alikuwa anamaliza, ningesema nini? Jacinta akavua aproni, akamshika yule mama mkono wakaingia nyumbani, na hakurudi motoni siku hiyo wala siku nyingine. Haki aliniacha na sufuria ziko juu ya moto! Nilikasirika sana.

Tangu hapo chakula kinasifiwa kila mahali, lakini hao vijana wanapika na visikizi masikioni, mmoja alijipiga picha na jeneza, na wakimaliza wanaingia kwa gari. Wali wa Calvince haushiki chini, kwa hivyo hata ukoko hakuna. Ninakaa kwa kreti ya soda na sahani yangu, watu wamejaa boma lote, na sina hata wa kumwambia chumvi imezidi. Nikirudi nyumbani ni mimi na redio.

Jana Jacinta akanipigia, mara ya kwanza tangu Sondu. Mama yake amefariki huko Ahero, mazishi ni Jumamosi. Nikasema pole, nikaanza kumwambia tutakuja wote, tutapika bure, akanikatiza: "Kuja wewe. Hao watu wako wasikanyage kwetu. Majirani watapika." Akakata simu. Nimelia, Shangazi. Mimi mpishi nikae hapo kama mgeni, majirani wapike? Nimfute Calvince? Ama nisiende, nitume tu rambirambi?

Mama Sufuria, Manyatta

*

Mama Sufuria, pole. Pole ya mama yake Jacinta, na pole ya hiyo kreti ya soda, maana upweke wa katikati ya watu unauma kuliko ule wa nyumbani. Sasa futa machozi nikugombeze.

Unasema Jacinta alikuacha. Hebu! Aliyefukuzwa pale motoni alikuwa mjane kama wewe, na wewe ukanyamaza kwa sababu ya wali. Jacinta alienda kufanya kazi mliyoianzisha. Wewe ulibaki na kazi ya wale waliokuuliza jiko iko wapi.

Na Calvince usimfanye shetani. Ulimpima pilau, akakupa pilau. Ulimuuliza kama anapenda watu; nani anaomba kazi akisema hapendi watu? Hukumwambia hata siku moja kwamba kwenu mtu huingia nyumbani kabla ya moto. Angejulia wapi, hotelini? Wiki ijayo mketishe, msimulie mazishi ya bwanako, yote. Kisha mpeleke matangani bila mwiko, akae na waliofiwa asubuhi nzima. Akiweza, umepata mtu. Akishinda kwa simu, muagane vizuri arudi hotelini. Yule wa picha na jeneza mwachishe leo, hiyo haina mjadala. Na ukiandika mwingine, aanze kwa kukaa na wafiwa, pilau utaionja baadaye.

Lakini Jacinta kwanza. Mama, umesoma simu yake vibaya. Hakusema usiende. Majirani wa kupika anao, na bado alikutafuta. Usingoje Jumamosi, nenda leo hii. Beba majani ya chai na sukari kama jirani yeyote. Usimwombe arudi kazini, na habari za Sondu usizitaje mpaka azianze mwenyewe. Akilia, lia naye.

Na ukifika kwa hilo boma, chonde chonde, usiulize jiko iko wapi.