Picha ya Ubongo wa Musyoka

Mama,

Machakos kuna baridi na manyunyu, lakini weka jembe chini kwanza usome: mwanao Musyoka hana uvimbe kichwani.

Leo daktari alituonyesha picha ya ubongo wake, mikunjo mitupu kama kabichi iliyokatwa katikati. Akasema kwa watu wengi walio na ugonjwa wa huzuni kama yeye, sehemu moja inayosaidia kumbukumbu huonekana ndogo kidogo, ingawa picha peke yake haiwezi kutambua ugonjwa huo kwa mtu mmoja.

Musyoka akauliza polepole, "Kwa hivyo mimi si mvivu?"

"Wewe ni mgonjwa," daktari akamjibu, "na huu ugonjwa uko na matibabu."

Baba, ambaye unajua vile amekuwa akimgombeza, akavua kofia. "Nisamehe, mwanangu," akasema. Kaka Musyoka akalia, Mama. Alilia kabisa, yeye ambaye amekuwa akikaa tu kimya.

Baadaye tuliingia hotelini, Musyoka akala muthokoi wa mahindi na maharagwe, kisha akaitisha sahani nyingine bila kubembelezwa. Chakula cha Baba kilipoa, alikuwa anamwangalia tu.

Ukipata kadi hii, ulale usingizi mzuri.

Binti yako,
Mwende