Kalamu Nyekundu Juu ya Maneno ya Nenita

Mpendwa Maman Mujinga, naomba unisaidie kwa sababu nimemuumiza mtu ninayempenda na sijui nianzie wapi, mimi ni wa Butembo, nahudumia wazee katika nyumba moja ya kuwatunzia huku Ulaya, mtaa wa Schaerbeek, na wenzangu wawili ni Wafilipino, Marites wa Manila na Nenita wa Cebu, basi tangu Pasaka udadisi umenishika, kila mapumziko nawauliza maneno naandika kwenye daftari, na nilishangaa kweli, jicho kwa wote wawili ni mata, tano ni lima, mtoto ni anak, halafu nyumba Marites anasema bahay, Nenita balay, na bukid kwa Marites ni shamba lakini kwa Nenita ni mlima, nikawa nacheka peke yangu kwenye tramu, na Nenita alifurahi kuliko sisi wote, hata akampigia dada yake simu kuulizia maneno ya zamani ya marehemu mama yao.

Kosa langu ni hili, nilitaka daftari liwe safi, nikampa Marites kalamu nyekundu asahihishe maneno ya Nenita, maana Kifilipino cha Manila ndicho cha shuleni. Marites akayakata, na Nenita akaliona daftari. Akasema tu, "Umemfuta mama yangu." Wiki ya tatu sasa tunawageuza wazee vitandani pamoja bila neno. Nifanye nini?

Kahambu, Novemba 2012

Kahambu, umenifurahisha na umeniudhi. Nawajua watu wa Butembo, wewe ukisema "mutoto" kanisani, Watanzania wanakukata, "Sema mtoto!", unarudi nyumbani umenuna. Leo umemfanyia mwenzako yaleyale? Alors, ulitegemea akushukuru?

Udadisi wako sikukatazi, hata mimi umenipeleka maktaba. Wanaochunguza lugha wanasema bahay na balay ni ndugu, wametoka katika lugha moja ya kale ambayo leo hakuna anayeisema, na sauti ya zamani ndiyo iliyobaki kwa Nenita. Neno mlilolifuta ndilo kongwe! Nilicheka, kisha nikakuonea huruma.

Bon, fanya hivi. Usimpelekee keki, usimtume Marites. Jumatatu, kabla hamjavaa aproni, mwambie mwenyewe: "Nilikosa, nilidharau lugha ya kwenu." Usianze kujitetea. Nunua daftari jipya, chora safu mbili za upana mmoja, kila mmoja aandike yake kwa mkono wake, wewe uulize tu. Akisema hapana, ipokee, endelea kumsalimia kila asubuhi. Kosa ni lako, lakini muda wa kusamehe ni wake.